Mkadi wangu umezaa kama nanasi. Ua la harufu liko wapi?

*"Karibu miaka kumi iliyopita niliokota tunda la mkadi ufukweni hapa Malindi, nikazika vipande vyake nyuma ya nyumba. Mitatu ikashika. Mwaka huu mmoja umetoa dude la kijani kama nanasi, halina harufu hata chembe. Miwili mingine haijatoa kitu. Mimi nilitaka yale maua marefu meupe ya kikuba, kile kifungu kidogo cha maua ya kunukia, aliyokuwa akinifungia bibi yangu. Binti yangu anaolewa mwakani na nimeshaahidi vikuba vya mkadi wa nyumbani. Mzee wa jirani ananiambia niuchanje shina na kuuzungushia chumvi ya mawe ili ubadilike. Fundi naye anataka kukata mizizi yote inayoning'inia, anasema itapasua ukuta. Na mpwa wangu aliyeko Dubai anasema huko kuna majani ya pandani ya kutia kwenye wali, niagize mche wake kwa kuwa ni mkadi huo huo. Nimsikilize nani?"*

Dada yangu, pole kwa kungoja miaka kumi na kupata usilolitarajia. Mti wako hauna ugonjwa, na wala hukukosea katika kuulea. Dude hilo la kijani ni tunda, na mkadi unaozaa tunda ni jike. Harufu unayoitafuta hutoka kwenye ua la dume. Kila mkadi una jinsia yake, na jike hata ungelinywesha marashi halitakupa ua la kikuba.

Watu wa Pwani tunaishi na miti ya namna hiyo kila siku. Mpapai dume hutoa mashada ya maua yanayoning'inia, lakini mapapai huyaoni. Mtende nao ni vivyo hivyo: wenzetu wa Oman huweka madume machache shambani, hukata mashada ya maua yake na kuyatia kwa mkono kwenye maua ya majike ili tende zijae. Kwa mpapai na mtende tunalitafuta jike, ndiyo maana tumezoea kuliona dume ni la bure. Kwa mkadi mambo yamegeuka. Dume ndilo wanaloligombania wafunga vikuba.

Ulijue ua la dume kwa macho, usije ukauziwa kingine. Hutokea kwenye ncha kabisa ya tawi, katikati ya shada la majani, nalo huinama. Ukilisogelea utaona majani marefu yaliyochongoka, meupe yenye kuelekea rangi ya malai, yenye vijimiba pembezoni mwake. Kila jani limekumbatia kishada kifupi kama kidole, kilichosheheni vijiti vya chavua. Ukikitikisa, unga mwembamba unaruka. Petali hamna hata moja. Tunachokiita ua la mkadi ni majani hayo na vishada vyake. Ua la jike ni kichwa kimoja cha kijani chenye vinundu, kimezungukwa na majani machache mafupi ambayo huanguka mapema. Kichwa hicho hubaki mtini miezi mingi, hunenepa, hugeuka rangi ya chungwa, kisha huanza kumwaga kokwa moja moja. Ufanano wake na nanasi unaishia kwenye sura, maana mkadi hauna undugu wa karibu na nanasi, wala si jamii ya mnazi ingawa majani na shina lake vinahadaa jicho.

Vishada vya dume havikai. Chavua humwagika kwa siku moja au mbili, halafu ua zima hunywea na kuwa la kahawia. Mtu anaweza kupita chini ya dume mwaka mzima asijue kuwa ni dume, ilhali jike humtambua kutoka mbali kwa tunda lake. Hapo ndipo ulipoanzia mkasa wako. Ulichookota ufukweni kilitoka kwa jike, kwa sababu jike peke yake ndilo lenye kitu cha kuokotwa, na mbegu zilizokuwa ndani yake hakuna aliyejua zitakuwa nini.

Mkadi wa ufukwe wetu wa Afrika Mashariki ni Pandanus kirkii, jina lililowekwa kwa heshima ya John Kirk, daktari na mkusanyaji wa mimea aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja katika karne ya 19. Ni mmoja katika jenasi ya Pandanus yenye spishi zipatazo 600, kuanzia Afrika Magharibi hadi visiwa vya Pasifiki. Una ndugu yake wa bara kidogo, Pandanus rabaiensis, aliyepewa jina la Rabai, ambaye hupenda kingo za mito na mabwawa. Ndugu mwingine, Pandanus odorifer, ndiye Waarabu wa Yemen na Jizan wamwitaye kadi, na ukilitamka jina hilo utasikia mkadi wetu ndani yake. Wahindi humwita kewda, na wilaya ya Ganjam katika jimbo la Odisha inajulikana kwa maua yake. Wachumaji wa huko huamka alfajiri, na maua huingia kwenye mitungi ya shaba siku hiyo hiyo, yakachemshwa, na mvuke wake ukapokelewa katika mafuta ya sandali. Haraka hiyo ina sababu. Zaidi ya nusu ya mafuta ya ua la kewda ni kemikali moja, fenethili-methili-etha, nayo ni nyepesi sana kuruka. Jua likishapanda, sehemu kubwa ya ulichokifuata imeshakwenda na upepo. Ua la dume la kwetu lichumwe kwa adabu hiyo hiyo.

Turudi kwenye mbegu. Tunda la mkadi ni kokwa nyingi zilizobanana, na kila kokwa ina nyuzi zenye hewa ndani, ndiyo maana huelea baharini na kuota mbali na mamaye. Ndani ya kokwa moja ya mkadi wa ufukweni huwamo vyumba kadhaa vya mbegu. Ukizika kokwa moja unaweza kupata miche miwili au mitatu iliyobanana kama mmoja, na mmoja wao akawa dume na mwenziwe jike. Hebu kaitazame ile miwili iliyobaki pale chini kabisa, uhesabu kama kila mmoja ni shina moja kweli.

Uwezekano wa kupata dume kati ya hiyo miwili ni mzuri, ila si wa uhakika. Tukichukulia kuwa mbegu hugawanyika nusu kwa nusu, nafasi ya angalau mmoja kuwa dume ni robo tatu. Kuna jambo moja linaloweza kuipunguza hesabu hiyo: baadhi ya spishi za Pandanus huweza kufanya mbegu bila chavua, na watoto wa namna hiyo hufuata mama, yaani majike watupu. Mti wa mbegu pia huchukua muda mrefu kujionyesha. Katika mikadi ya Pasifiki iliyochunguzwa sana, mti uliotoka kwenye mbegu unaweza kufika miaka 15 bila kutoa ua la kwanza. Usiing'oe. Ingoje, lakini usiitegemee kwa harusi.

Sasa twende kwa mzee wako wa jirani. Ushauri wa kuchanja shina haukutoka hewani. Wapo wanaoupiga mwembe mvivu panga ili ushtuke uzae, na wapo wanaomkata kichwa mpapai dume wakitumaini utageuka. Mwembe una gome, na chini ya gome kuna tabaka jembamba linalotengeneza mbao na gome jipya kila mwaka, kwa hiyo kidonda hufunikwa. Mkadi hauna tabaka hilo. Njia zake za maji na chakula zimetapakaa kama nyuzi ndani ya shina zima, kama ukatavyo shina la mnazi ukaona vidoa vidoa. Ukichanja, nyuzi ulizozikata hazirudi, na kidonda hakizibi. Hubaki mlango wa maji ya mvua, ukungu na wadudu. Shina likianza kuwa laini na kutoa uvundo pale ulipochanja, umeupoteza mti. Na jinsia haibadiliki kwa panga. Imo ndani ya mti tangu ulipokuwa mbegu.

Chumvi nayo ina hadithi yake. Wakulima wa minazi wamekuwa wakitia chumvi kwenye shimo la mche, na kwa mnazi jambo hilo lina msingi, kwa sababu mnazi unahitaji klorini kwa wingi, hasa ukipandwa mbali na bahari. Watu wakaona mkadi unamea pale pale mawimbi yanapotapika povu, wakadhani nao unaililia chumvi. Mkadi unaivumilia tu. Majani yake yana ngozi nene yenye nta, na mizizi yake hustahimili maji ya chumvi kuliko mimea mingi ya bustani. Ukimwaga kilo kadhaa za chumvi ya mawe nyuma ya nyumba, mkadi utanusurika, lakini mwasumini na mrehani ulio karibu vitaungua pembezoni mwa majani kisha vife. Kwa mfunga kikuba hiyo ni hasara maradufu.

Fundi wako msimamishe leo hii, kabla hajashika panga. Mizizi ile iliyotoka juu shinani na kushuka ardhini ni miguu ya mti. Nimesema mkadi hauna tabaka la kunenepesha shina. Maana yake ni kwamba shina likishatoka na unene wake, halipati mwingine wa maana, huku kichwa juu kinaongeza matawi, majani na, kwa jike, matunda mazito. Mwembe hujibu uzito kwa kunenepa chini. Mkadi hujibu kwa kuteremsha nguzo. Ukikata nguzo zote, siku ya upepo wa kusi mti unakulalia, na pengine ni juu ya huo ukuta aliotaka kuulinda. Kuhusu kupasua ukuta, mizizi ya mkadi ni ya nyuzi na hainenepi mwaka hadi mwaka kama ya mkuyu, kwa hiyo haiupanui ufa kwa nguvu hizo. Inayoleta shida ni ile inayoteremka juu ya sakafu au karibu kabisa na msingi. Hiyo, ikiwa bado inaning'inia na haijagusa ardhi, ruhusa kuikata karibu na shina kwa kisu kikali. Isizidi robo ya ile inayoning'inia kwa mwaka mmoja, na usiguse hata mmoja uliokwisha kuingia ardhini. Kama mti umesimama chini ya mita mbili kutoka ukutani na umeanza kuinamia nyumba, hapo hakuna ushauri wa kuandikiwa: mwite mtu aje auone.

Mpwa wako amesema kweli nusu. Pandani ya wali ni Pandanus amaryllifolius, ndugu halisi wa mkadi. Wasrilanka huiita rampe, na Wamalay, Waindonesia na Wathai huitia kwenye wali na keki. Harufu yake iko kwenye jani, na kemikali inayoitoa ni ile ile inayoupa wali wa basmati harufu yake. Ila mmea huo umelelewa na binadamu muda mrefu kiasi kwamba karibu hautoi maua kabisa. Huongezwa kwa machipukizi tu. Ukiagiza pandani upate ua la kikuba, utangoja mpaka wajukuu waoe. Agiza kama unaupenda wali wake, uuweke kivulini kwenye chungu chenye udongo usiokauka, na utautambua kwa majani yake laini yasiyo na miba, au yenye vijimiba vichache karibu na ncha. Jani la mkadi wa ufukweni usilitie sufuriani. Halina harufu hiyo, na miba yake si ya mdomoni.

Ukipita kwenye vitalu vya maua, utaonyeshwa mikadi mingine pia. Yenye majani ya kijani cha bluu na miba myekundu ni Pandanus utilis wa visiwa vya Bahari ya Hindi, ambao majani yake Mauritius yalisukwa magunia ya sukari. Yenye mistari myeupe ni ya mapambo. Yote ni mizuri, lakini muuzaji wa kitalu hajui jinsia ya mche ulioota kwa mbegu, na akikuapia kuwa ni dume mwambie akuonyeshe mti ulikotolewa.

Njia ya uhakika ni moja. Tafuta mkadi ambao watu wamekwisha kuuona ukitoa ua jeupe, uchukue kipande chake. Kipande ni mti ule ule ukiendelea kuishi mahali pengine, kwa hiyo jinsia yake, harufu yake na hata tabia yake ya kutoa maua mengi au machache huhama nayo. Faida ya pili ni muda: mkadi wa kipande kwa kawaida huanza kutoa maua baina ya mwaka wa tatu na wa sita.

Fanya hivi. Dume likiwa na ua, lifunge kitambaa tawini, maana ua likianguka hutalitofautisha na jike ambalo halijazaa. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Ukiwa ufukweni, uliza kwanza kama eneo ni la hifadhi ya bahari, na popote ulipo using'oe mti mzima: mizizi ile ndiyo inayoushika mchanga. Chukua chipukizi lililotoka ubavuni mwa shina, lenye urefu wa sentimita 30 hadi 60, ambalo chini yake limeanza kuonyesha vinundu vya mizizi kama chunusi ngumu. Vinundu hivyo ndivyo vitakavyokuokolea miezi. Kama chipukizi hakuna, ncha ya tawi ya urefu wa nusu mita hadi mita moja inafaa, ila ujue kila ncha unayoikata ni ua ambalo mwenye mti hatalipata, kwa hiyo mlipe.

Vaa glavu nene na mikono mirefu. Miba ya jani la mkadi imepangwa mistari mitatu, miwili pembezoni na mmoja chini ya mshipa wa kati, na mara nyingi huelekea ncha; mkono unaoteleza vibaya huchanika. Kata kwa msumeno wenye meno madogo ulioupangusa kwa spiriti, mkato mmoja ulionyooka, kwa sababu panga huponda nyuzi na mahali palipopondeka ndipo panapoanzia kuoza. Punguza majani: ya chini yaondoe kabisa, yaliyobaki yakate nusu, halafu yafunge pamoja kwa kamba laini. Kipande hakina mizizi ya kunywa, na majani yakibaki marefu yatakikausha. Usiguse moyo, yaani yale majani machanga yaliyojikunja katikati. Kilaze kivulini siku mbili mpaka mkato ukauke.

Chungu au ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita chini inatosha. Changanya mchanga usio wa bahari sehemu mbili na mboji sehemu moja. Zika kipande sentimita 15 hadi 20, shindilia, na ukifunge kwenye mti wa kukishikilia, kwa sababu kikiyumba kinakata vijizizi vipya kabla hujaviona. Weka chini ya mwarobaini au paa la makuti, mahali penye mwanga uliochujwa. Maji ni mara moja kila siku mbili, na kidole kikiingia sentimita tano ukakuta unyevu, subiri. Wengi huviua vipande vyao kwa mapenzi. Humwagilia asubuhi na jioni mpaka kitako kinaoza. Dalili ya kuoza ni jani la katikati kung'oka ukilivuta kidogo, likiwa jeupe na lenye uvundo chini. Dalili njema ni jani jipya la kijani kusukuma kutoka moyoni, kwa kawaida mwezi wa pili au wa tatu. Panda vipande vitatu, si kimoja. Hata mkono mzuri hupoteza.

Ukianza vuli hii, hamishia ardhini masika yakiingia, Machi au Aprili. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na udongo wa juu uchanganywe na debe mbili za samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza. Kaa mita nne kutoka ukutani, kwenye tangi la maji machafu na kwenye njia ya watoto. Pawe na jua la kutosha, kwani mkadi wa kivulini huwa mrefu na mchoyo wa maua. Malindi kuna mahali penye udongo juu ya jiwe la matumbawe, na huko utaona majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni chokaa ya matumbawe inayozuia madini kama chuma na manganizi yasinyweke. Matandazo ya majani makavu na mboji kila mwaka husaidia kuliko mbolea ya dukani. Wadudu weupe kama pamba hujificha kwenye makwapa ya majani. Wapangusie maji yenye sabuni ya kipande, jioni, wiki tatu mfululizo.

Kisha uzuie mkono wako usipogoe. Ua la mkadi hutoka kwenye ncha ya tawi, na ncha ikishatoa ua imemaliza kazi. Chini yake huchipua matawi mapya, mara nyingi mawili au matatu. Kwa hiyo mti wako wa ua moja mwaka huu unaweza kuwa wa matatu baadaye, kisha tisa. Anayekata ncha ili mti upendeze anakata vikuba vya miaka ijayo. Ondoa majani makavu tu.

Jike ulilonalo si la kukata. Lina kivuli, linazuia upepo wa bahari, na popo na wadudu watalifurahia. Likikusumbua kwa nafasi, hilo ni jambo jingine, lakini usiliadhibu kwa kuwa jike.

Inabaki harusi, na hapa sitakupa matumaini ya uongo. Hakuna kipande kitakachopandwa leo kikatoa ua mwakani. Kama mmoja wa ile miwili yako hautajionyesha kabla ya hapo, maua ya binti yako yatatoka kwa mtu mwingine. Nenda mapema kwa kina mama wanaouza asumini na vikuba, Malindi, Mombasa au Lamu, uwaulize mkadi wao hukatwa wapi na miezi gani huwa na maua, uagize kwa tarehe. Sema unataka ua ambalo ncha yake ndiyo kwanza inaachia, si lililofunguka lote. Likatwe alfajiri kwa upembo wenye kisu, likafungwe kwenye kitambaa kilicholowa kidogo na kukaa mahali pa baridi; mfuko wa plastiki uliofungwa hulitoa jasho na kulifanya jeusi. Likifika nyumbani, vua pembe zenye miba kwa mkasi, kata majani meupe vijipande vyembamba, na uvichanganye na vishada vyake na majani ya mrehani. Asumini ichumwe jioni ikiwa bado ni tumba lililofumba, ifunguke ndani ya kikuba. Maji ya kewra (ndiyo ile kewda) ya kupikia biriani, yale ya chupa, yanaweza kunyunyizwa kidogo kama maua ni machache, lakini chupa nyingi ni za harufu ya kutengenezwa na binti atajua tofauti.

Mambo mawili ndiyo ya kumwita mtaalamu aje mwenyewe. La kwanza, mti ukianza kuangusha majani yote ya juu au moyo ukilainika, hasa kama minazi ya jirani nayo inadondosha madafu na kugeuka njano. Huko Florida, Pandanus utilis umewahi kushikwa na ugonjwa wa manjano unaoua minazi, kwa hiyo usihamishe vipande kutoka bustani yenye dalili hizo. Mwite afisa wa kilimo wa eneo lako. La pili, ukitaka kujua kwa hakika ni spishi gani. Kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI kiko Gede, karibu nawe, na hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iko kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Usiwapelekee jani peke yake. Wapelekee kokwa mbili au tatu zilizokomaa, kitako cha jani, katikati yake na ncha yake, pamoja na picha ya mti mzima na mizizi yake, kwa sababu mikadi hutofautishwa zaidi kwa kokwa.

Na siku ile utakapokwenda kwa muuza maua kuweka oda ya harusi, chukua msumeno, glavu na gunia. Mwombe akupeleke kwenye mti wenyewe anakokata. Utakuwa unaliangalia dume lenye ua lake juu, na chipukizi lake utaondoka nalo siku hiyo hiyo.